Sukari, homoni za kike na mishipa ya damu: maswali wanayouliza wanawake wa Kigoma

Majibu haya ni kwa mwanamke mwenye kisukari anayeishi Kigoma, awe Ujiji, Mwandiga, Kasulu au vijiji vya mwambao wa ziwa, pamoja na ndugu wanaomsindikiza kliniki. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya sukari na kwenye chumba cha uzazi wa mpango, na kuna jambo linaloniuma: huku tunamuuliza mama sukari yake ni ngapi, kule tunamuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, lakini ni mara chache mtu mmoja kumuuliza yote mawili. Wakati mishipa yake ya damu inaathiriwa na yote mawili kwa pamoja.

Homoni za kike zinahusiana nini na mishipa ya damu? Nilijua ni mambo ya uzazi tu.

Zinahusiana sana. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba unaoamua mshipa ulegee au ukaze, na damu igande au ipite. Estrojeni, homoni kubwa ya kike inayotoka kwenye ovari, inapokewa na utando huo na kuuhimiza utengeneze gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayolegeza mshipa. Kwenye ini nako estrojeni husaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) mbaya, yaani LDL, na kupandisha ile nzuri (HDL). Ndiyo maana mwanamke asiye na sukari, kabla ya kukoma hedhi, hupata ugonjwa wa moyo kwa nadra kuliko mwanamume wa umri wake.

Basi mimi ninayeona siku zangu bado nina hiyo kinga?

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Kisukari kinakupunguzia kinga hiyo, hata ukiwa na miaka 35 na hedhi yako inakuja kwa tarehe.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huuchubua ule utando wa ndani. Naitriki oksaidi hutengenezwa kidogo, na hiyo kidogo huharibiwa haraka kabla haijafanya kazi. Estrojeni inabisha hodi kama kawaida, lakini mwenye nyumba ni mgonjwa na haitikii. Vipimo vya damu vinaweza kuonyesha homoni ziko sawa kabisa huku mishipa ikiwa migumu.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948, ulikuwa umeshaonyesha kufikia miaka ya 1970 kwamba kisukari kinamwongezea mwanamke hatari ya moyo kuliko kinavyomwongezea mwanamume. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 64 zenye watu zaidi ya 858,000. Mwanaume mwenye kisukari alikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kama mara 2 ya mwanaume asiye nacho. Kwa mwanamke ilikaribia mara 3. Kwa kiharusi pia, ongezeko la hatari ni kubwa zaidi kwa mwanamke.

Si homoni peke yake. Wanawake wengi huwa wamenenepa zaidi na presha imeshapanda siku wanapoambiwa wana sukari. Na sehemu nyingi duniani, tukiwemo sisi watoa huduma, mwanamke hupewa dawa za presha na lehemu kwa kuchelewa, kwa sababu kila mtu anaamini moyo ni ugonjwa wa wanaume. Imani hiyo inaua mama zetu.

Sukari yangu hupanda siku chache kabla ya hedhi, ingawa sijabadilisha chakula. Nakosea wapi?

Hukosei. Baada ya yai kupevuka, projesteroni, homoni nyingine ya ovari, hupanda, na kwa baadhi ya wanawake mwili hupunguza usikivu kwa insulini mpaka hedhi ianze. Si kila mmoja anapatwa. Andika kwenye daftari lako la sukari tarehe ya hedhi pembeni ya namba, miezi mitatu hivi, kisha mwonyeshe daktari. Ukiwa unachoma insulini anaweza kukurekebishia dozi ya siku hizo. Usijirekebishie mwenyewe kwa kukisia, maana hedhi ikianza mwili huwa msikivu tena na sukari inaweza kuporomoka.

Nina miaka 27. Hedhi inakuja baada ya miezi mitatu au minne, ndevu zinaota kidevuni, na nimeanza kunenepa tumbo. Inahusiana na sukari?

Inawezekana sana, na samahani kwa jinsi ulivyobeba jambo hili peke yako. Wengi huja wamenyoa kidevu asubuhi hiyo hiyo na hawalitaji mpaka waulizwe kwa upole.

Hali hii huitwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi hawajui kama wanayo. Mwili ukiwa hausikilizi insulini, kongosho humwaga insulini nyingi zaidi; insulini hiyo huzichochea ovari kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi, na pia hulifanya ini lipunguze protini inayobeba testosteroni kwenye damu, hivyo ile iliyo huru inaongezeka. Matokeo yake ni ndevu, chunusi, hedhi kupotea, na sukari kupanda. Kwa mwanamke, testosteroni iliyozidi huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili. Kwa mwanamume ni kinyume, iliyopungua ndiyo huambatana na kisukari.

Pima sukari, presha na lehemu sasa, usisubiri uolewe au utafute mtoto. Kupunguza uzito hata kidogo, kama kilo 5 kwa mwenye kilo 90, mara nyingi hurudisha hedhi. Metifomini, kidonge cha sukari, nayo husaidia. Lakini ujue: hedhi ikirudi, uwezo wa kushika mimba umerudi.

Mimi nina sukari. Njia gani ya uzazi wa mpango haitaumiza mishipa yangu?

Swali hili lingeulizwa na kila mwanamke mwenye sukari, na ninasikitika kwamba wengi huchukua njia ile ile aliyotumia jirani.

Kama una kisukari lakini macho, figo, neva na moyo viko salama, na presha haiko juu, njia karibu zote zinaruhusiwa. Mambo hubadilika sukari ikiwa imeshagusa figo, macho au neva, au umeishi nayo zaidi ya miaka 20, au una presha, au umewahi kupata kiharusi au damu kuganda mguuni. Hapo vidonge vya majira vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini (projesteroni ya kiwandani) pamoja, havikufai. Sindano ya miezi mitatu nayo kwa kawaida haishauriwi kwa aliyekwisha kupata madhara ya mishipa. Kijiti cha mkononi na vidonge vya homoni moja vinavumilika zaidi. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, na kwa upande wa mishipa ndicho kisicho na shaka, ingawa kinaweza kuongeza damu ya hedhi. Mwenye upungufu wa damu aseme mapema.

Wanawake huniuliza: mbona estrojeni ya mwilini inalinda, ya kidonge inadhuru? Ya kidonge hupitia kwenye ini kwanza, tena kwa nguvu, na ini likachochewa kutengeneza zaidi vile vinavyogandisha damu. Pia nyingi si estrojeni ile ile ya ovari bali iliyotengenezwa kiwandani yenye nguvu kubwa zaidi.

Kufunga kizazi hakuondoi homoni. Mirija inafungwa, ovari zinabaki zinafanya kazi yake.

Na tafadhali, usiache njia uliyonayo leo kwa hofu baada ya kusoma hapa. Mimba isiyopangwa sukari ikiwa juu ni hatari kuliko njia yoyote niliyoitaja. Nenda ubadilishiwe, usikae wazi. Ukifika chumba cha uzazi wa mpango, toa kadi yako ya sukari uiweke mezani kabla hujaulizwa.

Nilipata sukari ya mimba, nikajifungua, ikaisha. Bado nina haja ya kupima?

Ndiyo. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazozuia insulini ili mtoto apate chakula cha kutosha. Kongosho la wengi huongeza juhudi na kumudu, lako lilizidiwa. Kondo likitoka sukari hushuka, lakini kongosho limeshaonyesha mpaka wake. Uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu baadaye unakadiriwa kuwa mara 7 hadi 10 ukilinganisha na asiyewahi kupata. Pima wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha angalau kila baada ya miaka mitatu.

Kama ulipata kifafa cha mimba au presha ya mimba, iseme kila unapokwenda kliniki hata miaka 20 baadaye. Aliyepitia hali hiyo ana hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi kama mara mbili ya mwenzake. Kunyonyesha kunakusaidia wewe pia, si mtoto pekee.

Ukipanga kushika mimba nyingine, mwambie daktari kabla. Baadhi ya dawa nzuri kwa mishipa, kama enalapri na losartani za presha na statini ya lehemu, hubadilishwa au kusimamishwa kwa ajili ya mtoto.

Usiku naamka nimeloa jasho, moyo unakwenda mbio. Ni sukari imeshuka au ni huku kukoma hedhi?

Vinafanana mno, na kukosea kuna gharama. Mama mmoja anaamini ni joto la kukoma hedhi kumbe sukari imeshuka. Mwingine kila akisikia jasho anakunywa soda, na asubuhi sukari ni 18 (namba zote hapa ni za mmol/L).

Usikisie ukiwa na kipimo. Weka kipima sukari, tochi na kijiti cha kutobolea karibu na mto. Ukiamka na jasho, futa kidole kikauke kwanza, maana jasho huchanganyika na damu, kisha pima. Ikiwa chini ya 4, sukari imeshuka: weka vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa 6 au 7, hilo ni joto la homoni. Jifunue, kunywa maji, lala.

Huna kipimo na unachoma insulini au unameza glibenklamidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari mno? Chukulia sukari imeshuka na unywe maji ya sukari. Sukari kupanda kidogo usiku mmoja si kitu ukilinganisha na kuzimia. Anayetumia metifomini peke yake, sukari haishuki kirahisi hivyo.

Hedhi ikikoma kabisa, nini hutokea ndani ya mishipa?

Tunasema hedhi imekoma ukipitisha miezi 12 mfululizo bila kuiona, wengi wakiwa karibu na miaka 50. Estrojeni ya ovari hushuka sana. LDL hupanda, mafuta yanahama kutoka mapajani kwenda tumboni, mishipa mikubwa inakuwa migumu, na ile namba ya juu ya presha inaanza kupanda. Kwa mwenye sukari haya yanaangukia kwenye mishipa iliyokwisha kuchoka.

Aliyekoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, au aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji akiwa bado kijana, yuko kwenye hatari zaidi na anahitaji kuzungumza na daktari mapema kuhusu kurudishiwa homoni. Ukifanyiwa upasuaji wa kizazi, uliza kwa maneno haya haya: "Ovari zangu zimebaki au zimetolewa?" Nimeona akina mama wengi wasiojua, na ni haki yao kujua.

Kuna dawa za kurudisha homoni. Zitanilinda moyo?

Madaktari wengi waliamini hivyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1998 utafiti wa wanawake 2,763 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo haukuonyesha faida. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake 16,608, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa estrojeni pamoja na projestini walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda na matatizo ya moyo. Dunia nzima ikaogopa.

Baadaye watu waliangalia tena. Wastani wa umri kwenye utafiti ule wa 2002 ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani. Utafiti mwingine uliochapishwa 2016 uliwagawa wanawake: walioanza estrojeni ndani ya miaka 6 baada ya hedhi kukoma, ukuta wa mshipa wa shingo ulinenepa taratibu zaidi, walioanza baada ya miaka 10 hawakupata faida hiyo. Kwa maoni yangu hili linaendana na yote tuliyosema: homoni husaidia utando ulio mzima, si uliokwisha kuharibika.

Kwa hiyo dawa hizi hazitolewi kwa ajili ya kulinda moyo. Hutolewa kwa mwanamke anayeteseka na joto na kukosa usingizi, aliye chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu kukoma, asiye na historia ya moyo, kiharusi, damu kuganda au saratani ya matiti. Kwa mwenye sukari, ile ya kubandika kwenye ngozi hupendelewa kuliko ya kumeza. Na mwenye kizazi lazima aongezewe projesteroni, kwani estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ya utando wa ndani wa kizazi. Damu yoyote itokayo baada ya hedhi kukoma ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo.

Na dawa za asili za kusawazisha homoni, au vidonge vya kuongeza hipsi?

Soya ya chakula haina shida. Chupa isiyo na maandishi ya kilichomo, mimi ninakuomba usiinywe. Vidonge vya kunenepesha ndivyo vinavyonitisha zaidi: vingine huwa na deksamethasoni, dawa inayopandisha sukari na presha kwa kasi, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu ni hatari. Kama umekuwa ukivimeza, mweleze daktari ukweli, hakuna atakayekusema.

Vyakula vyetu vya Kigoma je? Mawese, dagaa, ugali wa muhogo?

Mawese ni mafuta ambayo karibu nusu yake ni yale yanayopandisha LDL. Yana vitamini A nyingi yakiwa mekundu, na sitamwambia mtu wa Kigoma ayaache. Nasema pima: kijiko cha chakula kimoja kwenye sufuria ya maharage badala ya kumimina kwa macho. Dagaa na migebuka wa Tanganyika ni chakula bora kwa mishipa yako, ila wale waliokaushwa kwa chumvi waloweke, mwaga maji, ndipo upike bila kuongeza chumvi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, hata kama ni ya Uvinza na umeipata kwa bei nzuri.

Ugali wa muhogo ni wanga mtupu. Ule uwe mdogo kuliko ngumi zako mbili, na maharage na mboga za majani zijaze sehemu iliyobaki ya sahani. Tena, kama unapika kwa kuni, fungua dirisha au pikia nje. Moshi wa jikoni nao huumiza mishipa.

Nikifika kliniki niombe nini zaidi ya kutobolewa kidole?

Presha kila unapokwenda. Kwa wengi tunalenga chini ya 130/80. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kwa wengi kiwe chini ya asilimia 7. Lehemu. Mkojo kuangalia protini, na damu kuangalia figo. Macho kila mwaka. Vua viatu bila kuambiwa ili miguu ikaguliwe. Kama kipimo kimojawapo hakipo kituoni kwako, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, Maweni.

Ukiwa na miaka 40 au zaidi, uliza kuhusu statini hata kama lehemu haionekani kubwa. Aspirini si ya kila mwenye sukari, usijianzishie. Kisha sema bila kungoja kuulizwa: hedhi yako ikoje, ilikoma lini, unatumia njia gani ya uzazi, mimba zako zilikwendaje.

Nitajuaje kama moyo au ubongo umepata tatizo?

Usingoje maumivu makali ya kifua. Mwanamke, hasa mwenye sukari iliyogusa neva, anaweza kupata shambulio la moyo kwa uchovu wa ghafla usio wa kawaida, kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, au maumivu ya taya, mgongo au chembe ya moyo. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo na kunywa dawa ya kiungulia. Kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kutoeleweka. Pima sukari hapo hapo, kwani sukari iliyoshuka huweza kuiga kiharusi, lakini usiache kwenda hospitali.

Unayeishi kijiji ambacho usafiri ni boti, kama kule Kalya, panga sasa na majirani nani ana injini, nani ana simu yenye mtandao, na fedha ya mafuta itatoka wapi. Anayekusindikiza aseme neno la kwanza mapokezi: huyu ana sukari, na dalili zilianza saa fulani.